Kuainisha viumbe wa pwani ya Tanga: mfumo upi kwa kazi ipi?

Mtu anayetaka kuandaa orodha ya viumbe wa pwani ya Tanga, awe mwalimu wa baiolojia anayewapeleka wanafunzi ufukweni Sahare, karani wa takwimu kwenye diko (mahali samaki wanaposhushwa) la Kigombe, au kikundi cha kijiji kinachopanda mikoko Tongoni, hukutana na swali kabla hajaandika mstari wa kwanza: viumbe hao wapangwe kwa utaratibu gani? Wanabaiolojia wenyewe hawana utaratibu mmoja. Wanatumia ngazi zilizoasisiwa na Carl Linnaeus katika karne ya 18, wanatumia mti wa nasaba unaofuata asili ya viumbe, na siku hizi wanatumia pia vipande vya DNA kutambua spishi. Mbali na hayo yapo majina ya wavuvi na wakulima, ambayo nayo ni uainishaji wenye mantiki yake, na haufai kudharauliwa.

Makala haya yanailinganisha mifumo hiyo minne kwa kutumia viumbe tunaowafahamu hapa kwetu, ili kila mmoja achague unaofaa kwa kazi yake. Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Naamini kwamba spishi ndiyo inayopaswa kuwa msingi wa kila orodha, kwamba mti wa nasaba ndio utumike kueleza na kubashiri, na kwamba ngazi za juu, kuanzia familia hadi himaya, zichukuliwe kuwa anwani ambayo inaweza kubadilishwa wakati wowote bila mwenye nyumba kuhama.

Majina ya dikoni

Kwenye madiko ya Tanga samaki wanapofika hupangwa papo hapo: changu huku, tasi kule, pono, chewa, kolekole, nguru, kibua, papa na taa, kila kundi na bei yake. Upangaji huu haukutokana na kubahatisha. Umejengwa juu ya umbile, ladha, mahali samaki anapopatikana na zana inayomnasa, na mara nyingi unaafikiana na ule wa wanabaiolojia. Tasi wa wavuvi ndio jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) Siganus ya wanasayansi, na mvuvi anayemshika tasi kwa tahadhari kwa sababu ya miiba yake yenye sumu anaijua sifa ambayo mtaalamu wa samaki naye angeitaja miongoni mwa za kwanza.

Wakati mwingine majina ya dikoni yamekuwa sahihi kuliko ya kisayansi. Pono wengi huanza maisha wakiwa majike wenye rangi ya kahawia au kijivu, na baadaye baadhi yao hugeuka kuwa madume yenye rangi kali za kijani na buluu. Mvuvi huwaita wote pono, na hakosei. Wataalamu wa zamani wa Ulaya, ambao walipokea samaki waliokaushwa au waliohifadhiwa katika pombe bila kuwaona wakiishi miambani, waliyapa majike na madume ya spishi moja majina mawili tofauti, na ilichukua muda mrefu kuyaunganisha tena.

Hata hivyo majina haya yana kikomo, na kikomo hicho huonekana pale jina moja linapofunika spishi zenye maisha tofauti. Jina la changu hubeba spishi kadhaa za jenasi Lethrinus, ambazo hazikui kufikia kimo kimoja wala hazianzi kuzaa zikiwa na ukubwa mmoja. Kwa hiyo daftari linaloandika “changu” peke yake haliwezi kumwonyesha mtu ni spishi ipi inayopungua. Dagaa ni mfano ulio wazi zaidi. Katika soko la Ngamiani mnunuzi anaweza kuwakuta dagaa wa bahari, dagaa wa Mwanza na dagaa wa Kigoma kwenye meza zilizo jirani, wote wadogo, wote wamekaushwa, na matumizi yao jikoni hayatofautiani sana. Kwa nasaba, dagaa wa Kigoma ni jamaa wa dagaa wa bahari, ilhali dagaa wa Mwanza, Rastrineobola argentea, yuko katika oda (kundi pana la familia) nyingine kabisa, ile ya ningu wa Ziwa Victoria. Anayepanga samaki kwa ajili ya mchuzi hana sababu ya kujali tofauti hiyo. Anayetaka kujua kwa nini dagaa hawa huzaliana hivi na wale vile hawezi kuipuuza.

Ngazi za Linnaeus na himaya tano

Linnaeus alitoa mambo mawili, na ni vizuri kuyatenganisha kwa sababu thamani yake leo si sawa. La kwanza ni jina la maneno mawili, jenasi na spishi, ambalo wanabotania wanahesabu kuwa lilianza rasmi mwaka 1753 na wanazuolojia mwaka 1758. La pili ni ngazi zinazopandiana, ambazo baada yake ziliongezwa na kukamilishwa na wengine hadi zikawa tunazozijua: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Jina la maneno mawili limedumu, na sioni kitu kinachoweza kuchukua nafasi yake. Mkonge unaolimwa Korogwe na Muheza ni Agave sisalana kwa msomaji wa Tanga, wa Brazili na wa Mexico, na barua yoyote itakayoandikwa kuuhusu itaeleweka pande zote.

Ngazi nazo zina faida yake. Zinampa mwanafunzi mpangilio anaoweza kuukariri, zinawapa watunzaji wa makumbusho na hebaria, yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa, namna ya kupanga makabati, na ndizo zinazoufanya ufunguo wa utambuzi uwezekane: mtu huanza na maswali mapana, kama vile mnyama ana uti wa mgongo au hana, kisha hushuka swali kwa swali hadi kwenye spishi. Kwa darasa lenye wanafunzi wengi na vifaa vichache, sijaona njia iliyo bora kuliko ufunguo wa aina hiyo.

Udhaifu wake ni kwamba ngazi zenye jina moja hazina uzito mmoja. Familia ya mimea na familia ya ndege hazilingani kwa umri, kwa idadi ya spishi, wala kwa tofauti zilizomo ndani yake, na hakuna kipimo cha asili kinachosema kundi likifika hapa liitwe familia na likifika pale liitwe oda. Uamuzi huo hufanywa na wataalamu, na wataalamu hubadili uamuzi. Mkonge uliletwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893 na kupandwa karibu na Pangani. Kwa muda mrefu vitabu viliuweka katika familia iliyoitwa Agavaceae, na kuanzia mwaka 2009 mfumo unaotumiwa na wanabotania wengi umeuingiza katika familia ya Asparagaceae. Hakuna jani la mkonge lililobadilika, na jina Agave sisalana halikuguswa. Aliyeweka orodha yake juu ya msingi wa spishi hakupoteza chochote, lakini aliyeweka juu ya msingi wa familia ilimbidi apange upya.

Himaya tano zinazofundishwa katika vitabu vingi vya sekondari, yaani Monera, Protoktista, Fangasi, Mimea na Wanyama, zilipendekezwa na Robert Whittaker mwaka 1969. Zilikuwa hatua kubwa, hasa kwa kuwatoa fangasi katika himaya ya mimea. Miaka minane tu baadaye, mwaka 1977, Carl Woese na George Fox walionyesha kwamba viumbe wa seli moja wasio na kiini, waliokuwa wakirundikwa pamoja katika Monera, ni makundi mawili yaliyoachana zamani sana: bakteria na akea. Mwaka 1990 Woese na wenzake wakapendekeza domeni tatu juu ya himaya zote: Bakteria, Akea na Yukaria, yaani viumbe ambao seli zao zina kiini. Tofauti hii inagusa ardhi tunayoikanyaga. Katika matope meusi ya mikoko, yale ambayo mtu akichomoa mguu hunuka kama yai bovu, harufu hiyo ni kazi ya bakteria wanaotumia salfati ya maji ya bahari, na gesi ya methani inayotoka humo humo hutengenezwa na akea. Mfumo wa himaya tano huwaita wote Monera na kuishia hapo.

Fangasi nao wana la kutufundisha. Uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba uyoga ni jamaa wa karibu wa wanyama kuliko wa mimea, jambo ambalo kwa macho hakuna ambaye angelidhani. Ukaribu huo ni mojawapo ya sababu zinazofanya dawa za kutibu fangasi mwilini kuwa ngumu kupatikana kuliko za bakteria, kwa kuwa kinachoidhuru seli ya fangasi ni rahisi kuidhuru na seli yetu.

Mti wa nasaba

Mfumo wa tatu unaanzia kwenye kazi ya Mjerumani Willi Hennig, mtaalamu wa wadudu, aliyoitoa mwaka 1950. Kanuni yake ni moja na ni kali: kundi la kweli ni lile linalomjumuisha mzazi mmoja wa kale pamoja na wazao wake wote, bila kumwacha yeyote. Kundi la namna hiyo huitwa kladi. Kufanana peke yake hakutoshi. Panatakiwa ushahidi wa kurithi sifa mpya kutoka kwa mzazi huyo.

Tanga ina mnyama anayefaa kuliko wengi duniani kueleza kanuni hii. Silikanti, samaki wa maji ya kina, alidhaniwa kuwa alitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938 na kutambuliwa na Marjorie Courtenay-Latimer kuwa si samaki wa kawaida; mwaka uliofuata J.L.B. Smith alimpa jina Latimeria chalumnae. Kwetu alianza kunaswa katika miaka ya mwanzo ya 2000, katika nyavu za jarife zinazotegwa kwenye maji ya kina, na mwaka 2009 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Ukimtazama silikanti kwa karibu, kitu cha kwanza kinachoonekana ni mapezi. Nguru ana mapezi yanayotoka moja kwa moja ubavuni, ngozi nyembamba iliyotandazwa juu ya miiba myembamba. Pezi la silikanti limekaa juu ya kikonyo kinene cha nyama, na ndani ya kikonyo hicho mna mifupa iliyofuatana, wa kwanza ukiwa mmoja tu uliounganishwa na bega, kama ulivyo mfupa wa juu wa mkono wa mtu. Mkia una sehemu tatu, ile ya kati ikiwa kishungi kidogo kinachochomoza nyuma, na magamba ni mazito, ya buluu iliyofifia yenye mabaka meupe. Mfumo wa zamani, uliowakusanya samaki wote mahali pamoja, ungemweka silikanti na nguru upande mmoja na binadamu upande mwingine. Mti wa nasaba unasema kinyume: silikanti, kamongo, chura, mjusi, kuku na mtu wamo katika kladi moja, na nguru yuko nje. Utafiti wa jenomu ya silikanti, yaani vinasaba vyake vyote, uliotangazwa mwaka 2013 ulithibitisha hilo na kuongeza kwamba kamongo ndiye aliye karibu zaidi na wanyama wa miguu minne. Mvuvi wa Kigombe, kwa nasaba, ni ndugu wa silikanti kuliko nguru alivyo.

Kwa hiyo “samaki” ni kundi la haki kwa mvuvi, kwa mpishi na kwa mtoza ushuru, lakini si kladi. “Reptilia” wa vitabu vya shule wana kasoro hiyo hiyo, kwani mamba ni jamaa wa karibu wa kuku kuliko wa kenge. Nguva, anayevuliwa kwa bahati mbaya na kuhesabiwa na wengi kuwa samaki mkubwa, ni mamalia ambaye miongoni mwa jamaa zake wa karibu walio hai ni tembo na pimbi.

Nguvu ya mti wa nasaba ni kubashiri, na hapa mikoko inatoa somo zuri zaidi kuliko wanyama. Miti tunayoiita mikoko haina nasaba moja. Mkoko wenyewe, Rhizophora mucronata, pamoja na mkandaa, Ceriops tagal, na msinzi, Bruguiera gymnorrhiza, ni wa familia moja. Mchu, Avicennia marina, uko katika familia nyingine, na kikandaa, Lumnitzera racemosa, japo kimeitwa kwa jina linalokaribiana na mkandaa, ni jamaa wa mkungu unaotupa kivuli uani. Mkomafi, Xylocarpus granatum, ni wa familia ya mwarobaini, na mlilana, Sonneratia alba, unaosimama mbele kabisa ukiyakabili mawimbi, uko familia moja na mhina na mkomamanga.

Je, habari hii inamsaidia mpandaji? Inamsaidia sana, lakini kwa upande mmoja tu. Miti mitatu ya familia ya mkoko imerithi jambo la ajabu: mbegu huota ikiwa bado juu ya mti, na kinachoanguka ni mche mrefu wenye ncha, ambao mtu anaweza kuuchomeka matopeni moja kwa moja. Anayejua kwamba msinzi ni ndugu wa mkoko anaweza kubashiri hilo kabla hajawahi kuuona msinzi ukizaa. Mkomafi ni wa ukoo mwingine, tunda lake ni la mviringo na kubwa, na mbegu zake zenye pembe huhitaji kuandaliwa kwa namna tofauti. Hapo mti wa nasaba umefanya kazi yake. Lakini ukija kwenye swali la mti upi upandwe mahali gani, nasaba hainyamazi tu, bali inaweza kupotosha. Mchu na mlilana hawana undugu wa karibu, na bado yote miwili huchomoza mizizi ya kupumulia kutoka matopeni, kwa sababu mahitaji ya mahali yaliilazimisha kila mmoja kuibuni kwa njia yake. Mkoko, kwa upande wake, husimama juu ya mizizi iliyopinda kutoka kwenye shina. Mzee wa Tongoni anayejua ni wapi maji hufika kila siku na wapi hufika wakati wa bamvua tu ana uainishaji wa mahali ambao mti wa nasaba hauna.

Mwani

Mkulima wa mwani huko Mlingotini au katika vijiji vya pwani ya Tanga hushughulika zaidi na aina mbili, spinosum na kotonii, ambazo majina yake ya kisayansi ni Eucheuma denticulatum na Kappaphycus alvarezii. Katika mfumo wa himaya tano, mwani wa rangi zote huwekwa Protoktista, chumba kimoja na amiba. Mpangilio huo ni mwepesi kukumbuka lakini haumwelezi mkulima chochote. Mti wa nasaba unaonyesha kwamba mwani mwekundu, ambao ndani yake zimo aina hizo mbili, uko karibu na mimea, na mwani wa kijani uko karibu nayo zaidi. Bali mwani wa kahawia, kama Sargassum unaoletwa ufukweni na mawimbi, ni wa tawi la mbali kabisa.

Tofauti hii imo katika kile kinachouzwa. Viwanda hununua spinosum na kotonii kwa ajili ya karaginani, uteute unaotumika kuvifanya vyakula na dawa ya meno viwe vizito, na karaginani ni zao la mwani mwekundu. Mwani wa kahawia una alginati, kitu kingine chenye soko lingine. Anayefikiria kukusanya mwani mpya kwa ajili ya biashara atajua mapema aanze kuulizia soko lipi, kwa kujua tu uko tawi gani. Majani ya bahari, yale mabustani ya kijani ambamo tasi hulisha, si mwani kamwe: ni mimea halisi yenye mizizi, maua na mbegu, iliyorudi baharini kutoka nchi kavu.

Gharama ya mti wa nasaba

Mti huu una gharama yake, nayo ni kubadilika kwa majina. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa eneo la Tanga, alikusanya ua dogo la rangi ya urujuani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland aliliita Saintpaulia ionantha. Likaenea madirishani dunia nzima kwa jina la jenasi hiyo. Baadaye uchunguzi wa DNA ulionyesha kwamba Saintpaulia ni tawi lililoota ndani ya jenasi kubwa zaidi, Streptocarpus, na mwaka 2015 lilihamishiwa humo, likawa Streptocarpus ionanthus. Migunga ya Afrika nayo haiko tena katika jenasi Acacia kwa wanaofuata mgawanyo mpya. Imegawanywa kati ya Vachellia na Senegalia, na jina Acacia limebaki na jamaa zake wa Australia.

Wapo wanaolalamika kwamba mabadiliko haya ni usumbufu, na ninawaelewa, hasa mtu mwenye lebo za zamani kabatini. Hata hivyo nadhani kuyakataa ni hasara kubwa zaidi. Jenasi inayotengana na ukoo wake kwa sababu tu maua yake yanapendeza inamnyima msomaji habari kwamba jamaa zake wapo, na kwamba yaliyogunduliwa kuhusu jamaa hao huenda yakamhusu. Kinga ya usumbufu huu ni rahisi: kuandika jina la zamani pembeni ya jipya, pamoja na jina la wenyeji.

Kipande cha DNA

Mfumo wa nne haupangi viumbe, unawatambua. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake huko Kanada walipendekeza kwamba kipande kifupi cha jeni moja ya mitokondria, iitwayo COI, chenye herufi zipatazo 650, kitumike kumtambulisha mnyama wa spishi yoyote, kwa kukilinganisha na maktaba ya vipande vya viumbe waliokwisha kutambuliwa. Kwa mimea COI haitofautishi vizuri, kwa hiyo hutumika vipande vya jeni za kloroplasti ziitwazo rbcL na matK. Kwa fangasi hutumika eneo liitwalo ITS.

Thamani yake huonekana pale macho yanapokuwa hayana la kutazama. Pezi la papa lililokaushwa, mnofu uliokwisha kukatwa vipande, yai na kiluwiluwi cha samaki havina umbile la kutosha kuingia katika ufunguo wa utambuzi, lakini vina DNA. Vilevile husaidia kutenganisha viumbe wanaofanana mno. Silikanti wa Indonesia, aliyejulikana mwishoni mwa miaka ya 1990 na kupewa jina Latimeria menadoensis mwaka 1999, anafanana sana na wetu isipokuwa kwa rangi, na ni vinasaba vilivyoonyesha kwamba wameachana kwa mamilioni ya miaka. Katika mwani pia, mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino mwaka 1989 kwa ajili ya kilimo Zanzibar zinaweza kutofautishwa kwa DNA na mwani wa asili wa spishi hiyo hiyo, ambao kwa macho ni vigumu kuutenga.

Lakini kipande hiki hakisemi zaidi ya maktaba inavyojua. Spishi ambayo haijawahi kuingizwa humo itapewa jina la jirani yake, au haitapewa jina. Spishi zilizoachana hivi karibuni huweza kuwa na vipande vinavyolingana, na machotara hubeba mitokondria ya mama peke yake. Panahitajika maabara, kemikali na fedha. Kwa sababu hizo siipendekezi njia hii kwa orodha ya kawaida ya kijiji. Naipendekeza kwa mashaka yaliyobaki baada ya macho na ufunguo kushindwa.

Uchaguzi

Mwalimu wa sekondari hana budi kufundisha ngazi na himaya tano, kwa kuwa ndizo zilizomo vitabuni, na hakuna ubaya. Ningemshauri aongeze somo moja la mti wa nasaba mara tu baada ya hapo, kwa viumbe ambao wanafunzi wanaweza kuwashika: papa, kibua, chura, mjusi na kuku. Awaache wachore wenyewe nani yuko karibu na nani na watetee mchoro wao kwa sifa wanazoziona, ndipo aulize silikanti aingizwe wapi. Mwanafunzi akishaelewa kwa nini himaya si ukweli wa milele, hatababaika atakapokutana na domeni tatu kidato cha juu au chuoni.

Karani wa diko achague spishi, akipitia jina la dikoni. Daftari lake liwe na jina la mvuvi kwanza, jina la kisayansi la pili, na picha ya samaki akiwa mbichi, kwa sababu rangi hupotea haraka baada ya kufa. Pale asipokuwa na hakika aandike jenasi peke yake: “Lethrinus” iliyoachwa wazi ni takwimu ya kweli, na spishi iliyokisiwa ni kosa ambalo hakuna atakayelisahihisha baadaye. Hahitaji mti wa nasaba kila siku. Wala asidhani kwamba nasaba itamwambia nani yuko hatarini: papa wengi na silikanti wako mbali sana kwa ukoo, lakini wote huzaa watoto wachache na hukua polepole, na jarife huwaumiza kwa namna moja.

Kikundi cha mikoko kitumie mawili kwa pamoja, nasaba kwa kuandaa mbegu na maarifa ya wenyeji kwa kuchagua mahali. Mkulima wa mwani anatosheka na majina ya spishi na rangi ya tawi. Mtafiti na afisa wa hifadhi watahitaji yote manne, na kwao jambo lisilosameheka ni kukosa sampuli ya kurejea, maana jina lolote lisilo na sampuli haliwezi kuhakikiwa na mtu mwingine.

Sampuli hiyo si ghali. Kipande kidogo cha nyama ya samaki, cha ukubwa wa punje ya hindi, kikiwekwa katika ethanoli kali hutunza DNA kwa miaka. Fomalini huiharibu, ingawa hutunza umbile vizuri. Jani la mmea likaushwe haraka kwa chembe za silika, na tawi lenye ua au tunda libanwe kati ya karatasi. Ndani ya chupa na juu ya karatasi iwekwe lebo yenye tarehe, mahali, kina cha maji au aina ya udongo, zana iliyotumika, jina la wenyeji na jina la aliyekusanya. Lebo ya ndani ya chupa iandikwe kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu nyingi huyeyuka katika ethanoli.